Jibu la Nabali Dukani

(Mazungumzo ya redioni. Somo: 1 Samweli 25:2–35)

 Popote mlipo wakati huu, kama ni jikoni mkipika chai, au shambani, au garini mkielekea kazini, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache chini ya Neno la Mungu. Nanyi mlio madukani, mliofungua redio huku mkipanga bidhaa zenu, leo twawakaribisha kwa namna ya pekee. Neno letu linawahusu ninyi mnaouza, nalo linatuhusu sisi tunaonunua.

Sisi twaishi Ruiri, katika nchi ya Meru, upande wa kuteremkia Isiolo. Watu wa kwetu ni watu wa salamu. Mtu hampiti mwenzake njiani bila kumwambia "Muga!" na kumwuliza habari za nyumbani na za ng'ombe. Lakini tumeona jambo la kushangaza. Mtu yuleyule aliyekusalimu vizuri njiani, akiisha kusimama nyuma ya kaunta, au kushika mlango wa matatu, au kukaa nyuma ya dirisha la ofisi, hugeuka akawa mtu mwingine. Hakutazami. Hukutupia chenji kana kwamba anamrushia kuku mahindi. Ukiuliza neno la pili, hukujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Hebu tuwasimulie kisa kimoja, nacho si cha kutusifu sisi.

Siku moja ya soko tulikwenda wawili, mchungaji na mzee mmoja wa kanisa, kununua misumari na waya katika duka linalouza vifaa vya ujenzi pamoja na mbegu na dawa za mimea. Mbele yetu alisimama mama mmoja mzee, mwenye kiondo mgongoni. Tulimfahamu, kwa maana ni mshirika wetu. Ana shamba dogo la nyanya, na majani ya nyanya zake yalikuwa yameingiwa na ugonjwa. Alikuwa amekwisha kulipia chupa ndogo ya dawa. Akaigeuzageuza mkononi, akaona maandishi yake ni madogo, tena ni ya Kiingereza. Akamwuliza kijana wa dukani, "Mwanangu, hii naitia kiasi gani katika pampu ya lita 20?"

Kijana hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Mama, kila kitu kimeandikwa hapo. Au ulikuja sokoni kutafuta mwalimu?"

Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Yule mama naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake. Akaitia chupa kiondoni, akaondoka.

Kisha zamu yetu ikafika. Kijana akaiona kola ya mchungaji. Papo hapo simu ikawekwa chini. "Bwana asifiwe, mchungaji! Karibuni, karibuni!" Tukapimiwa misumari yetu, hata tukaongezewa michache juu ya kipimo. Tukashukuru, tukaenda zetu. Wala hatukusema neno.

Jumapili ya pili yake, yule mama hakuonekana katika ibada. Tulipokwenda kumjulia hali tulikuta shamba limeungua. Alikuwa amepima dawa kwa kifuniko cha chupa, akatia vifuniko vingi kupita kiasi, akidhani kwamba dawa nyingi ndiyo nguvu nyingi. Majani yalikuwa yamekauka na kujikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Na zile nyanya ndizo zilizokuwa karo ya mjukuu wake.

Tukamwambia, "Pole, mama. Lakini kwa nini hukuuliza kwanza?"

Akatujibu kwa upole, "Niliuliza, mchungaji. Nanyi mlikuwapo."

Ndugu zetu, tumehubiri miaka mingi, na tumesikia mahubiri mengi. Ni machache yaliyotuchoma kama maneno yale machache ya mama yule.

Wengi wetu husema kwamba lugha mbaya dukani ni jambo dogo. Mtu akijibiwa vibaya, ataudhika leo, na kesho atasahau. Lakini sivyo. Mtu aliyechekwa leo haulizi kesho. Mgonjwa aliyekaripiwa kwenye dirisha la dawa hatauliza vidonge vimezwe kabla ya chakula au baada yake. Mzee aliyefokewa na kondakta atashuka mahali pasipo pake, atembee gizani, kuliko kusema tena, "Nishushe hapa, kijana." Ukali wa ulimi humnyang'anya mtu maswali yake, na mtu asiyeweza kuuliza ni mtu aliyeachwa peke yake.

Basi, tufungue Biblia zetu, Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 25. Hapo twamkuta mfanyi biashara mkubwa, jina lake Nabali, mtu wa Maoni, ambaye mali yake ilikuwa huko Karmeli. Alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Ilikuwa siku za kukata manyoya, nazo ni siku za furaha na ukarimu. Daudi akatuma vijana 10 kwake kwa salamu za amani, wamwombe chakula chochote alicho nacho. Watu wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali kule nyikani, mchana na usiku, wala hawakupotewa na kitu.

Nabali angeweza kusema, "Nina kidogo, chukueni." Angeweza hata kusema, "Sina, poleni." Lakini yeye alimdharau Daudi mbele ya vijana wake. Aliuliza Daudi ni nani hasa, akamfananisha na watumwa waliowatoroka bwana zao. Tazameni, msikilizaji, kilichomwumiza Daudi si njaa tu. Njaa alikuwa ameizoea. Kilichomwumiza ni lile jibu.

Naye Daudi alifanya nini? Aliwaamuru watu wake wajifunge panga. Watu 400 wakaondoka pamoja naye, na 200 wakabaki na vyombo. Watu 400 wenye panga, kwa sababu ya jibu moja la mtu mmoja! Na tukumbuke kwamba waliokuwa katika hatari hawakuwa Nabali peke yake. Daudi alikuwa ameazimia kumaliza kila mwanamume wa nyumba ile, pamoja na watumishi ambao hawakusema neno lolote baya.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kujibu dharau: upanga. Sisi hatuna panga, lakini tuna ulimi. Tena siku hizi tuna simu. Mtu akijibiwa vibaya hotelini au dukani, humpiga picha kijana wa watu, na kabla jua halijatua nchi nzima inamtukana kwa jina. Twasema tumemfundisha adabu. Kweli, tumemfundisha nini? Tumemfundisha kwamba duniani kuna mwenye nguvu na asiye na nguvu, jambo ambalo alikuwa amekwisha kulijua.

Njia ya pili ni ile tuliyoifuata sisi, nayo ni kunyamaza. Ni njia inayofanana na upole, kumbe si upole. Mwenye upole humpenda aliyekosa na aliyekosewa. Sisi siku ile hatukumpenda yeyote kati yao. Tulipenda misumari yetu ya ziada.

Lakini iko njia ya tatu, nayo tunaiona kwa Abigaili, mkewe Nabali. Angalieni jinsi habari ilivyomfikia. Mmoja wa watumishi alikwenda kumweleza yaliyotokea, akaongeza kwamba bwana wao ni mtu ambaye mtu hawezi kusema naye. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa Nabali: hakuna aliyethubutu kumwambia. Na mtu asiyeambiwa huharibika kidogo kidogo, kama ghala ambalo halifunguliwi.

Abigaili hakukawia. Alichukua mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotengenezwa tayari, bisi, zabibu kavu na tini, akateremka kumlaki Daudi njiani. Hakumficha Daudi kosa la mumewe. Alilitaja waziwazi. Lakini alilitaja mikono yake ikiwa na mikate. Akamzuia Daudi asijitie hatia ya damu. Na asubuhi yake, Nabali alipolevuka, akamweleza naye yote yaliyotukia.

Basi sisi nasi, baada ya kutoka kwenye shamba la yule mama, tuliona haya, tukakumbuka agizo la Bwana Yesu katika Mathayo 18:15, kwamba ndugu akikosa twende tukamwonye tukiwa na yeye peke yake. Tukarudi kwenye lile duka asubuhi na mapema, kabla wanunuzi hawajafika. Tukaanza kwa kukiri kosa letu. Tukamwambia yule kijana, "Siku ile tulikuwa hapa, tukaona ukimcheka mama, nasi tukanyamaza. Tumekosa kwa mama yule, na tumekukosea wewe pia, kwa sababu hatukukuambia." Kisha tukamweleza habari za shamba la nyanya.

Kwanza alikasirika. "Mchungaji, mmekuja nifukuzwe kazi?" Tukamwambia hapana, hatujamwambia mwenye duka, wala hatutamwambia. Akakaa kimya kitambo. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa daftari la madeni, akalifungua mbele yetu.

Ndugu wasikilizaji, tuliona majina tuliyoyafahamu. Wengine ni waimbaji wa kwaya. Wengine hukaa viti vya mbele. Na katika ukurasa mmoja palikuwa na jina la kanisa letu: saruji mifuko 3 na rangi makopo 2, tangu kabla ya Krismasi.

Kijana akasema, "Deni lisilolipwa, mwenye duka hulikata katika mshahara wangu. Nikiwauliza wakubwa, wananitukana hapa mbele ya watu. Yule mama hana deni lolote. Nilimjibu vile kwa sababu najua yeye hawezi kunijibu."

Hatukuwa na la kusema. Matusi ni kama maji ya mvua, hufuata mteremko. Mwenye duka humfokea kijana. Mdeni mwenye gari humfokea kijana. Naye kijana hutafuta aliye chini yake, na siku ile aliyekuwa chini ni mama mwenye kiondo. Sisi tuliokuja kumwonya tulikuwa tumechangia katika kuujaza mto ule.

Kanisa lililipa deni lake juma lilelile. Kijana naye alikwenda mwenyewe kwa yule mama siku ya Jumapili alasiri, akamwomba radhi, akamwonyesha namna ya kupima dawa. Siku hizi huandika kwa kalamu nene juu ya kila chupa anayoiuza kiasi cha kutia, kwa Kimeru na kwa Kiswahili. Hatusemi kwamba amekuwa malaika. Ziko siku anapochoka, na ulimi wake huwa mkali tena. Na nyanya hazikurudi. Yule mjukuu alikaa nyumbani majuma kadhaa ya muhula ule. Msamaha ni kitu kikubwa, lakini haufufui mimea iliyoungua. Ndiyo sababu yatupasa kusema mapema.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, "Je, Mkristo avumilie tu kila anapodharauliwa?" La, hatusemi hivyo. Katiba yetu ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Inalinda afya yake, usalama wake na mali yake, na akipata hasara kwa sababu ya ubovu wa bidhaa au huduma, ana haki ya kulipwa fidia. Tena kifungu hicho ni kwa ofisi za serikali na kwa watu binafsi, wote pamoja. Basi yule mama alipouliza dawa itiwe kiasi gani, hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akidai kilicho chake. Kudai haki si kukosa adabu.

Na iko njia ya kudai. Huko Marekani, tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne Weusi waliingia katika duka la Woolworth katika mji wa Greensboro, katika jimbo la North Carolina. Walinunua vitu vidogo, wakauziwa bila taabu. Kisha wakakaa kwenye kaunta ya chakula, wakaagiza kahawa. Wakakataliwa, kwa sababu kaunta ile ilikuwa ya Wazungu tu. Pesa zao zilikuwa nzuri kwa dawa ya meno, lakini hazikufaa kwa kahawa! Vijana wale hawakutukana, wala hawakuvunja kikombe. Walikaa kimya mpaka duka likafungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao, wamevaa nguo safi, wameshika vitabu vyao wakisoma. Mwezi wa Julai mwaka uleule, duka lile likaanza kuwahudumia watu Weusi kwenye kaunta ile. Walidai haki yao bila kuwa kama waliowadharau. Heshima si utumwa, wasema Waswahili, na wale vijana waliionyesha dunia maana yake.

Sasa, wapendwa, tukitoka hapa tufanye nini? Tushike mambo manne.

La kwanza, tulipe madeni yetu. Huwezi kumfundisha mtu adabu huku mshahara wake umo mfukoni mwako.

La pili, tukikosewa, tuseme. Tuseme na aliyekosa, kwa sauti ya chini, watu wakiwa hawapo. Asiposikia, twende kwa mwenye duka au mkubwa wa ofisi pamoja na shahidi mmoja au wawili. Njia hiyo Bwana mwenyewe ametuonyesha. Na ikiwa kuna hasara au wizi wa mizani, vyombo vya sheria vipo, navyo vimewekwa kwa faida yetu.

La tatu, tukiona mwingine akidharauliwa, tusingoje. Siku ile ingetosha kusema, "Kijana, tafadhali msomee mama. Sisi tutangoja." Ni maneno machache sana. Yangeokoa shamba.

La nne, nalo ni gumu kwetu sisi watumishi, tuzitazame kaunta zetu wenyewe. Kanisa nalo lina kaunta. Kuna kijana anayekuja kuomba barua ya ubatizo ili apate nafasi ya shule, akaambiwa arudi kesho, na kesho akaambiwa katibu hayupo. Kuna mjane anayeambiwa na wazee wa kanisa kwamba hajalipa ahadi yake, na hao wanamwambia mbele za watu. Mtume Yakobo, katika mlango wa pili wa waraka wake, anatuonya juu ya kumkalisha mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri, na maskini kumweka chini. Hakuyaandika hayo juu ya duka. Aliyaandika juu ya kanisa. Ikiwa mtu akija nyumbani mwa Mungu anapata jibu la Nabali, atakwenda wapi tena?

Nawe ndugu unayesimama kaunta tangu alfajiri mpaka usiku, miguu ikikuuma, tunajua kazi yako ni ngumu. Tunajua hata wanunuzi wana dharau zao. Lakini atakapokuja mtu asiyeweza kukufanya lolote, mwenye kiondo na shilingi chache, mwenye swali unaloliona la kijinga, inua macho yako. Mtazame. Bwana wetu alisema kwamba tulilowatendea hao walio wadogo, tumemtendea yeye. Huenda Bwana amesimama mbele ya kaunta yako akiuliza, "Mwanangu, hii naitia kiasi gani?"

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetusikiliza tulipokuwa hatuna cha kukulipa, utusamehe kwa majibu makali tuliyoyatoa, na kwa siku tulizonyamaza wenzetu walipoaibishwa. Uwabariki wote wanaouza na kununua katika masoko yetu. Uwape wenye maduka kuwalipa vijana wao kwa haki, nasi utupe kulipa madeni yetu. Uwafariji waliopata hasara kwa sababu ya dharau ya mtu. Uilinde midomo yetu, na uyafumbue macho yetu tuwaone walio wadogo, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.